Wake Wenza wa Mzee Nyuzi

Kasha la kumi na moja lilikuwa tupu.

Inspekta alilifunga, akalifungua tena, kama vile mara ya pili lingesema kitu kingine. Halikusema. Ndani mlikuwa na mahameli nyekundu iliyopauka, na kwenye mahameli hiyo umebaki mbonyeo wa gitaa lililolala pale miaka na miaka: tumbo, kiuno, kifua, shingo. Utadhani kitanda cha mgonjwa aliyeondolewa sasa hivi.

Makasha mengine kumi yalipangwa kwenye rafu za mbao kuzunguka chumba, yamechubuka kona, mawili yamefungwa kwa mikanda ya suruali kwa kuwa vifungo vyake vilishakufa zamani. Kila kasha lilibandikwa kipande cha plasta ya vidonda, na juu ya plasta pameandikwa jina kwa wino. Mtalaka. Mjane. Mchumba wa Stesheni. Bi Mdogo. Lile tupu liliitwa Bi Mkubwa.

"Mbona kama viti vya harusini?" koplo aliuliza. "Haya majina ni ya kina nani?"

"Waulize wenyewe," sauti ilimjibu kutoka mlangoni. "Mimi na wake wenzangu hatuingiliani."

Aliyesema alikuwa mke wa mwenye nyumba, mama mtu mzima, mwembamba, mikono imefungwa kifuani. Alisimama nje ya kizingiti, vidole vya miguu vimefika ukingoni kabisa, lakini hakuvuka.

"Na Bi Mkubwa ndiye yupi?" Inspekta akauliza. "Si ungepaswa kuwa wewe, mama?"

"Mimi nilipoolewa nilikuta jina limeshachukuliwa."

Koplo alicheka, akaona mwenyewe anacheka peke yake, akanyamaza.

Mtaa mzima ulimjua mwenye nyumba kwa jina la Mzee Nyuzi. Maisha yake yote alikusanya magitaa makavu ya zamani, yale yasiyotaka umeme, na pesa ya kubadilisha bati la nyumba ilikuwa inaishia kwenye mbao kuukuu. Sasa alikuwa hospitali, wiki ya tatu, mapafu yamemgomea. Juzi aliomba simu ya muuguzi, akapiga polisi mwenyewe. Inspekta alikwenda kuchukua maelezo kando ya kitanda. Mzee alisema maneno machache, kila neno akilivuta kama ndoo kutoka kisimani: Bi Mkubwa ameibwa. Mwizi ni shemeji yangu. Nataka nilishike kabla sijaenda. Muda wote alipokuwa akiongea, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinabonyeza blanketi, vinahama, vinabonyeza tena.

Shemeji mtu, kaka mdogo wa huyu mama, alikamatwa jioni ile ile. Kesho asubuhi alikuwa anapelekwa mahakamani. Na asubuhi hii, kwenye korido ya wodi, daktari alimwambia Inspekta: "Kama kuna kitu cha kumletea, mleteeni leo. Mimi siahidi kesho."

"Kitasa hakijaguswa," koplo alisema, amepiga magoti mlangoni. "Aliyeingia, ameingia kwa ufunguo."

"Ufunguo unakaa wapi, mama?"

"Mfukoni mwa suruali yake ya kazini. Suruali iko kabatini. Kila mtu humu ndani anajua."

"Humu ndani kuna nani?"

"Mimi. Na mdogo wangu, chumba cha uani." Akatazama sakafu. "Na hao," akaonyesha makasha kwa kidevu.

Mgeni wa tatu chumbani alikuwa daktari wa meno mstaafu, mzee wa mashati yaliyopigwa pasi, ambaye naye alikuwa na ugonjwa ule ule wa magitaa. Inspekta alimwita kwa sababu moja: mtaa ulisema amelitamani Bi Mkubwa tangu akiwa na nywele.

"Ni kweli ulilitaka?" Inspekta alimuuliza.

"Nililitaka jana, nalitaka leo, na ukiniletea sasa hivi nitalitaka mbele yako."

"Ulishamwomba akuuzie?"

"Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mimi nasema, 'Bi Mkubwa hajambo?' Yeye ananijibu, 'Hajambo, na bado ana mume.'" Daktari alitabasamu, tabasamu likamwishia njiani. "Juzi nimekwenda kumwona. Nikasema salamu. Hakujibu. Aligeukia ukutani."

"Mimi sielewi," koplo alisema. "Duka la pale kona lina magitaa mapya yanang'aa. Watu wazima mnagombania magogo yenye mikwaruzo. Kuna nini humo?"

Daktari hakukasirika. Alifungua kasha la Mtalaka, akalitoa gitaa kwa mikono miwili, akalisogeza dirishani.

"Njoo uone, kijana. Tazama hapa nyuma ya shingo. Rangi imelika, si ndiyo? Hiyo imeliwa na kidole gumba cha mtu. Hapa mbele, chini ya nyuzi, mbao imebonyea. Hivi ni vidole vyake. Vimekaa karibu karibu, kwa hiyo mkono ulikuwa mdogo. Na huku juu, hakuna alama hata moja. Nyimbo zake zote zilikaa hapa chini, kupanda hakuthubutu. Nani huyu? Simjui. Nyuzi naye hakumjua, alilinunua mnadani, mwenyewe keshakufa. Pengine hakuacha hata picha. Lakini mahali alipokuwa anashika, ameacha." Akampa koplo alishike. "Gitaa jipya linatoa sauti nzuri, sikatai. Ila ndani yake hamna mtu."

Koplo alilishika kama anavyoshikwa mtoto wa siku moja.

"Na Bi Mkubwa?" Inspekta aliuliza. "Ndani yake kulikuwa na nani?"

"Ah, hilo." Daktari alifuta miwani. "Hilo alilinunua jipya, kwa mshahara wake wa kwanza, kabla hajaoa. Hakuna mwingine aliyewahi kulipiga. Katika yote kumi na moja, hilo ndilo pekee ambalo mtu wa ndani ni yeye mwenyewe."

Mlangoni, mama alijikohoza, akasema anakwenda kutazama jiko.

Daktari alilirudisha Mtalaka kwenye kasha. Mkono wake uliingia pembeni, kwenye nafasi ya shingo, ukatoka na kisanduku cha sabuni cha plastiki kilichotobolewa matundu. Alikitikisa. Uso wake ukabadilika.

"Nani amefanya hivi?"

"Nini?"

Alikifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha sponji, na sponji ilikuwa imelewa maji. Aliibana mara moja. Maji yakamwagika sakafuni, yakarukia viatu vya Inspekta.

"Kipindi hiki cha upepo mkavu, mbao ya zamani inanyauka," alisema haraka haraka, huku akifungua kasha la pili, la tatu. "Inapasuka yenyewe, unaisikia usiku, pa! Kwa hiyo tunaiwekea sponji yenye unyevu ndani ya kasha. Unyevu, si maji! Unaikamua mpaka ikupe ubaridi tu. Hii… na hii… Mungu wangu, na hii. Zote!"

"Sponji moja inakaa na unyevu siku ngapi?"

"Upepo huu? Siku tatu nyingi."

Koplo alimtazama Inspekta. Mzee Nyuzi alikuwa hospitali wiki ya tatu. Mtu alikuwa anaingia humu na kuzilowesha, na si mara moja.

"Mwizi gani," koplo alisema taratibu, "anaiba mke mmoja halafu anawanywesha maji wenzake?"

"Ungekuwa wewe, daktari?" Inspekta aliuliza.

"Ningekuwa mimi, ningekamua." Alisema hivyo kwa uchungu, kama ametukanwa. "Anayeijua kazi hii hawezi kufanya hivi hata akiwa amelewa chakari. Na asiyeijua, kwa nini ajisumbue?"

Inspekta aliitia sponji moja kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga, akainama kuchungulia kasha tupu kwa mara ya tatu. Aliisugua mahameli kwa kidole. Chini kabisa, mahali panapokaa tumbo la gitaa, palikuwa na doa pana lenye ukingo mweupe, kama linaloachwa na maji yaliyokaa muda mrefu kisha yakakauka. Kwenye makasha mengine hakukuwa na doa kubwa hivyo.

"Tukamwone mwizi wetu," alisema.

*

Mwizi alikuwa amekaa katikati ya mahabusu wenzake, anawasimulia jambo lililowafanya washike mbavu. Jina lake la mtaani lilikuwa Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

"Afande Inspekta, shikamoo! Karibu kwetu. Viti hatuna, ila ukuta upo, egemea."

Walimtoa wakampeleka chumba cha maelezo. Alikaa, akajikuna ndevu.

"Kabla hujauliza," alisema, "nimeiba. Andika, tusichoshane."

"Uliibaje?"

"Kwa mikono."

"Redio."

"Haya, haya. Nilichukua ufunguo kwenye suruali ya shemeji. Nikafungua. Nikalibeba begani, huyooo, nikatoka nalo barabarani mchana kweupe. Nikamuuzia mtu."

"Mtu gani?"

"Mrefu. Mfupi mfupi hivi."

Koplo aliuma midomo.

"Kasha lake mbona uliliacha?" Inspekta aliuliza.

"Kasha la nini? Mwizi gani anaiba maiti na jeneza lake?"

"Pesa ulifanyia nini?"

"Si unanijua, afande. Niliinywa."

"Mwenye baa anasema mwezi mzima huu unakunywa kwa kudandia meza za watu."

"Mwenye baa ana wivu."

Inspekta aliegemea kiti. Hakupandisha sauti. "Ulipolibeba gitaa lilikuwa na nyuzi ngapi?"

"Za kutosha."

"Shemeji yako anakata roho. Anataka kulishika tu. Hata kama limeshauzwa, tutalifuata liliko. Nisaidie nimfikishie mtu haja yake."

Kwa mara ya kwanza Redio alikwepa macho yake. "Halipatikani tena hilo. Mwambieni asamehe. Lilikuwa zima, mwambieni, zima kabisa, halina hata ufa, limekwenda kwa mtu mwema."

"Nani amekuuliza habari ya ufa?"

Koplo alisimulia baadaye kituoni kwamba siku hiyo ndipo alipoamini kuwa ile Redio ina pa kuzimia.

"Dada yako anakuletea chakula hapa?" Inspekta aliuliza.

"Dada yangu mwache."

"Hajaja hata mara moja. Siku mbili. Nimeangalia. Mtu aliyekulea."

"Nimesema mwache!" Redio alisimama, koplo akamkalisha kwa mkono begani. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mama yetu alikufa mimi sijaota meno. Huyo dada alikuwa anakwenda shule na mimi mgongoni. Mwalimu akimwambia atoke nje na mtoto, anatoka, anasomea dirishani. Afande, mimi nimeiba. Nimekiri. Mtu akikiri si mnafurahi? Basi furahini mnipeleke."

*

Mkabala na nyumba ya Mzee Nyuzi kulikuwa na saluni ya viti viwili na wateja wasiopungua saba, maana watano walikuja kwa maneno tu. Mwenye saluni alimpokea Inspekta kwa kumtazama kichwani.

"Afande, hizo nywele zinataka msaada kuliko huo upelelezi."

"Nikimaliza nitakuja. Nyie mnakaa hapa kutwa?"

"Kutwa? Hata paka akipita hapa tunajua katoka kwa nani na kala nini."

"Mmemwona Redio akitoka na gitaa begani?"

Saluni nzima iliangua kicheko. Mmoja, kichwa kimejaa povu, alisema, "Redio atoke na gitaa asilipige? Angepita hapa angetuimbia sote, na chenji angetaka."

"Kuna mtu yeyote mmemwona akitoka na kitu kikubwa? Shuka limefunga kitu? Gunia?"

"Hakuna," mwenye saluni alijibu, na hili alilisema bila mzaha. "Geti lile tunalitazama mchana, na jioni tunakaa hapo barazani mpaka mama yule afunge. Hakijatoka kitu, afande. Hata taka siku hizi hatoi, maskini. Amekonda."

"Si kukonda tu," yule wa povu alidakia. "Na kuchanganyikiwa. Mwambie habari ya shuka."

"Wewe, umbea!"

"Umbea gani, si ameuliza?"

"Shuka gani?" Inspekta alisema.

Mwenye saluni aliweka kitana chini. Ukuta wa ua ulikuwa mfupi. Kutoka kwenye baraza lake kamba ya nguo ilionekana vizuri. "Wiki iliyopita alianika shuka. La bluu. Sasa shuka unaanika bichi, likikauka unaanua. Yeye alianika kavu. Tangu asubuhi mpaka jioni, kesho yake lile lile, kavu. Na jua lile! Halafu anavuta kigoda anakaa nyuma yake. Sisi tunaona miguu tu chini ya shuka. Anaongea."

"Na nani?"

"Ndiyo tukasema, jamani, kachanganyikiwa. Tukataka kwenda kumwona, lakini Redio alitokea uani, akafunua shuka, akasimama kama kapigwa shoka. Baadaye naye akakaa chini, kimya. Redio kimya, afande! Tulijua mzee keshakufa, tukaanza kulia hapa hapa. Kumbe bado."

Inspekta aliwashukuru. Alipovuka barabara koplo alimfuata mbio.

"Kwa hiyo gitaa halikutoka."

"Halikutoka."

"Na Redio anamkingia…"

"Nenda kituoni," Inspekta alisema. "Mtoe. Ukishamtoa, mlete wodini. Usimwulize kitu njiani."

*

Mama alikuwa jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa, sufuria imepinduliwa, na yeye amekaa mbele yake kama anasubiri kitu kichemke. Inspekta alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akatoa mfuko wa plastiki, akauweka mapajani mwake mwenyewe. Sponji ilikuwa bado imelowa.

"Miaka yote hiyo mzee alikuwa anaingia na beseni," Inspekta alisema. "Wewe uko mlangoni unaona. Beseni, sponji, kisanduku cha sabuni. Unaona kila kitu. Isipokuwa kukamua. Kukamua alikuwa anafanya amekupa mgongo."

Mama aliutazama mfuko.

"Dirisha liko upande ule," alisema mwishowe. "Anapenda kukaa kwenye mwanga. Ndiyo, ananipa mgongo."

"Lete, mama."

Hakubisha. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda chumbani, akainama uvunguni, akavuta sanduku la nguo. Juu palikuwa na shuka la bluu. Chini ya shuka alikuwepo Bi Mkubwa. Mgongo wa gitaa ulikuwa umeachia kabisa, umejikunja pembeni kama ganda la mti. Kifua kilipasuka ufa mrefu kutoka kwenye tundu la sauti mpaka chini. Kibao cha kushikia nyuzi kilining'inia kwa nyuzi zenyewe. Shingo tu ndiyo ilikuwa nzima. Nyuma yake, mahali pa kidole gumba, rangi imelika mpaka mbao ikang'aa.

"Nilimwombea njaa huyu mwanamke," mama alisema. Alikaa kitandani, sanduku miguuni. "Nilipokuwa msichana niliapa nitamtia jikoni apikie maharusi. Tunagombana, mzee anakwenda kufunga mlango, nasikia anamshika. Basi alipolazwa nikaona upepo unavuma, nikajua kule kitandani anawawaza. Hakuniambia. Angeniambiaje, siku zote si nawatukana? Nikasema ngoja niwatunze. Akirudi akute wazima. Nisimwambie. Aone tu mwenyewe."

"Ukawapa maji."

"Niliwapa wote. Na huyu, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, nilimpa zaidi. Sponji nilimtia tumboni kabisa, kwenye tundu. Nikawa namwongezea kila siku." Alipangusa pua kwa kiganja. "Siku moja nafungua, mgongo umeachia gundi. Nikasema ni maji tu, nitamwanika. Kama nguo. Jua likampasua mbele yangu, mwanangu. Nilimsikia. Alilia kabisa."

"Kisha mzee akamwulizia."

"Alisema, 'Niletee Bi Mkubwa.' Mimi nikasema, sikumwona. Nilitaka siku moja tu ya kufikiri. Kumbe naye ameshafikiri, akapiga simu, akamtaja mdogo wangu, kwa kuwa yule mjinga aliwahi kutania kwamba atawauza wote wanunue bati." Alimtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza. "Nimefika mpaka kwenye kona ya kituo chenu. Jana mara mbili. Nikimtoa ndugu yangu, namuua mume wangu. Nikimwacha mume wangu afe kwa amani, ndugu yangu anakwenda jela. Nikawa narudi."

"Kitu kisichotoka nyumbani kwa mwenyewe hakijaibwa," Inspekta alisema. "Redio keshatoka. Hakuna kesi. Iliyobaki si ya polisi."

"Iliyobaki ndiyo nzito."

"Ndiyo. Na daktari wa wodi amesema leo."

Mama alilikusanya gitaa vipande vipande, akaliviringisha kwenye shuka. Mlangoni alisimama.

"Unajua, usingizini alikuwa ananibonyeza," alisema, akaonyesha mkono wake wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo. "Hapa. Vidole vinne, vinahama hama. Naamka na alama. Asubuhi namwambia, 'Umenipiga tena usiku,' anacheka. Sikuwahi kumwuliza ni wimbo gani. Niliona nikiuliza nitakuwa nimeshindwa."

*

Redio aliwakuta kwenye ngazi za hospitali, koplo nyuma yake. Alimpokea dada yake kifurushi, akakipima uzito kwa mikono, akajua.

"Ungeniacha tu," alimwambia. "Mimi jela nina marafiki."

Dada yake alimshika shingoni, akamvuta, akamwachia. Wakaingia.

Mzee Nyuzi alikuwa amewekwa barakoa ya hewa. Hakuwa na sauti tena. Muuguzi alisema ilikatika mchana. Lakini macho yalikuwepo. Yalimwona mkewe, yakaona shuka, yakafunguka kuliko yalivyokuwa.

Mama alilifungua shuka juu ya blanketi. Hakulipanga lionekane zima. Alimshika mumewe mkono wa kushoto, akauweka nyuma ya shingo ya gitaa, na kidole gumba kikaenda chenyewe mpaka mahali pake, kikatulia. Kisha vidole vikashuka kifuani, vikakuta ufa. Vikaufuata mpaka mwisho wake.

"Si Redio," mama alisema. Aliinama mpaka sikioni. "Ni mimi. Nilikuwa nawatunza. Wote kumi na mmoja. Niliwanywesha maji, sikujua wanakamuliwa. Yeye nilimpa mengi kwa kuwa unampenda. Wengine ni wazima, daktari wa meno amekwisha kuwaangalia. Huyu nimemuua. Mume wangu, nimemuua kwa kumtunza."

Mashine ilivuta hewa, ikatoa hewa. Redio alisimama miguuni pa kitanda, amekamata chuma.

Macho ya mzee yalikwenda kwa Redio, yakakaa hapo. Yakalowa. Redio alipunga mkono kidogo, kama mtu anayekataa chenji. Kisha yakarudi kwa mke, na mkono wa kushoto ukaliacha gitaa. Ulipapasa blanketi, ukatafuta, ukamkuta. Ukamshika chini ya kiwiko.

Vidole vikabonyeza.

Vilihama, vikabonyeza tena. Taratibu, kwa nguvu ndogo ndogo, lakini kila kimoja kilijua kinapokwenda.

"Huu ni wimbo gani?" mama aliuliza. Aligeuka. "Afande. Wewe si mpelelezi? Ni wimbo gani huu?"

"Sijui, mama."

"Basi weka alama. Weka alama vinapokaa, nitakwenda kumwuliza daktari wa meno. Fanya haraka."

Inspekta alitoa kalamu mfukoni. Alipiga goti kando ya kitanda, na kila kidole kilipoinuka kwenye ngozi ya yule mama, aliweka nukta ya wino mahali kilipotoka. Nukta, nukta, nukta. Vidole vikahama, naye akahama navyo. Koplo alishika taa ya simu ili aone vizuri. Nukta zilishuka mkono ule mwembamba kama nyayo za kuku kwenye vumbi, zikafika karibu na kifundo. Vidole vikabonyeza pale, vyote vinne kwa pamoja, vikakaa.

Inspekta alisubiri viinuke. Kalamu ilikuwa tayari, juu kidogo ya ngozi.

Mama naye alisubiri. Hakuuondoa mkono.